Kachumbari ya sherehe isitiwe chumvi jikoni. Anayepinga aje na hoja

#1 MpishiNkuhungu
Wakuu habari za jioni.

Msimu wa kipaimara, sendofu na kicheni pati ndio huo umeingia, na mimi nina hoja moja. Kachumbari inayopelekwa kwenye shughuli isitiwe chumvi jikoni. Chumvi ipelekwe mezani, atie anayepakua, dakika chache kabla watu hawajapanga foleni.

Napikia shughuli hapa Dodoma mjini, kuanzia huku kwetu Nkuhungu mpaka Kisasa na Ipagala. Kila nikienda kama mgeni mwalikwa nakuta hali ni ile ile: beseni limejaa maji mekundu, vitunguu vinaogelea, nyanya zimelegea. Pilau limepikwa na mtu anayeijua kazi yake, nyama imeiva vizuri, halafu upawa mmoja wa kachumbari unamwaga maji kwenye sahani na pilau linageuka bokoboko. Inaniuma, kwa sababu kachumbari ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye ile meza.

Kwa watu 20 mimi natumia nyanya kilo 2, vitunguu kilo 1, matango 2 makubwa, karoti 2, ndimu 4, pilipili mbuzi 1 au 2 na kotmiri fungu moja. Nakata kila kitu kwenye chombo chake, nafunika, nachanganya mwishoni. Chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na hiyo inaingia mezani.

Karibuni. Na kama mna saladi nyingine, supu za kuanzia au vitafunwa vya haraka, mwageni humu tujifunze.

#2 Chibuku_wa_Zamani
Ngoja waje wapishi. Mimi mlaji tu, nimekaa pale.

#3 TichaBaiolojia
Mleta mada yuko sahihi kabisa. Hii ni osmosisi, somo la sekondari. Ukipaka chumvi kwenye kipande cha nyanya, nje ya seli panakuwa na chumvi nyingi kuliko ndani, kwa hiyo maji yanavutwa kutoka ndani kwenda nje. Seli ikiishiwa maji inanywea, na ndiyo maana nyanya inalegea. Wanafunzi wangu huwa nawafanyisha kwa kiazi mbatata: unakichonga shimo, unatia chumvi kavu, baada ya muda shimo limejaa maji. Kachumbari ni jaribio lile lile, tofauti yake hili linaliwa.

#4 SokoniMajengo
Napinga hoja, tena kwa nguvu zote. Tatizo ni nyanya mnazonunua.

Mimi niko kwenye biashara ya nyanya. Nyanya zinazoshuka hapa zikitokea Iringa, upande wa Ilula, nyingi ni zile ndefu zenye ngozi ngumu na nyama nene, maana zinasafirishwa kwenye matenga na lazima zihimili barabara. Hizo ukikata hazimwagi. Lakini mteja anafika, anaona sado ya nyanya za duara, kubwa, laini, zimeiva mpaka zinang'aa, bei imeshuka kwa sababu mimi nataka ziondoke leo, anazichukua. Ile imejaa ute na mbegu ndani. Usitie chumvi hata punje, kachumbari yako itakuwa supu.

Muulize muuzaji aina. Tanya na Tengeru 97 ni mbegu za hapa hapa nchini, zilitolewa Tengeru kule Arusha, na ni ngumu. Ukizikosa, chukua ambazo hazijaiva sana, zile zenye rangi ya chungwa begani.

#5 MpishiNkuhungu
@SokoniMajengo, sawa, aina ina mchango wake. Ila nimetumia nyanya ngumu za Iringa na zikitiwa chumvi mapema zinamwaga vile vile. Zinachelewa tu.

#6 Shangazi_Kondoa
Mbona mnazunguka mbali? Ondoeni mbegu! Nyanya inakatwa robo, unapitisha kidole au kijiko, ute wote unatoka, unabaki na nyama. Unakata vipande vyembamba. Ule ute usiutupe, unaingia kwenye rosti. Mama yangu alitufundisha hivyo na kachumbari yake ilikuwa inakaa kutwa.

#7 Nala_Juu
Shangazi, nyanya za watu 300 utazipitisha kidole mpaka lini? Hiyo ni kachumbari ya nyumbani ya watu 5.

#8 Shangazi_Kondoa
Mwanangu, kwenye shughuli kuna akina mama wangapi wamekaa kwenye mikeka wanachambua mchele? Wape kazi.

#9 KamatiYaUlaji
Nimekuwa kwenye kamati za sherehe nyingi hapa Dodoma, naomba niwaambie ukweli. Si chumvi wala nyanya, ni ratiba. Kadi inasema chakula saa nane mchana. Wapishi wanamaliza saa nane kasoro. Halafu anasimama mshereheshaji, kamati inatambulishwa, zawadi za upande wa mama, zawadi za upande wa baba, kwaya nyimbo mbili zinakuwa tano. Watu wanakula saa kumi na moja. Kachumbari gani itasimama masaa matatu kwenye hema la turubai mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa juu?

Mtu wa kulaumiwa si mpishi.

#10 Chibuku_wa_Zamani
Nakazia #9. Hotuba za wajomba zimeharibu vyakula vingi kuliko chumvi.

#11 BibiAfya_Makole
Naomba niingie hapa kwenye #9, maana mnazungumzia maji ya kachumbari na mimi nina wasiwasi na jambo kubwa zaidi. Mboga mbichi zilizokatwa zikakaa kwenye joto masaa matatu, vijidudu vinaongezeka. Na watu wengi wanaamini ndimu na pilipili zinaua kila kitu. Haziui kiasi cha kutosha, hasa kama mboga zilioshwa kwa maji yasiyo salama au zilikatwa kwenye kibao kilichotoka kukatiwa nyama mbichi.

Oshea maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotibiwa kwa dawa ya klorini. Kibao cha mboga kiwe chake, kisu kiwe chake. Anayekata anawe mikono kwa sabuni. Saladi yenye mayonezi isikae nje ya ubaridi zaidi ya masaa mawili, na kwenye joto letu la Oktoba na Novemba mimi ningesema lisaa limoja. Na kama kuna tangazo la kipindupindu, mboga mbichi muiache kabisa, toeni mboga za kupikwa.

#12 MpishiNkuhungu
Ahsante sana dada wa #11. Kibao cha nyama kutumika kwenye mboga nimekiona kwa macho yangu, tena kwa wapishi wazoefu.

#13 Binti_Mpwapwa
Mimi nina swali kuhusu vitunguu. Nyie mnavifikicha kwa chumvi au hamfikichi? Maana kama chumvi ni mwiko jikoni, ule ukali mnautoaje?

#14 TichaBaiolojia
Ukali wa kitunguu unatokea pale kinapokatwa: seli zinapasuka, kemikali zilizokuwa zimetengana zinakutana na kutengeneza viini vya salfa. Ndivyo hivyo vinavyotoa machozi. Vingi vinaondoka kwa maji baridi tu. Loweka vitunguu vilivyokatwa dakika 10 hadi 15, mwaga, suuza, chuja.

#15 Shangazi_Kondoa
Maji tu hayatoshi kwa vitunguu vya kwetu huku kati. Hivyo vyekundu vya Singida ni vikali haswa. Fikicha kwa chumvi kiganja, mpaka vitoe povu, acha kidogo, suuza maji mawili au matatu, kisha KAMUA. Asiyekamua ndiye anayeleta maji kwenye beseni. Yale maji mnayoyaona si ya nyanya, ni maji ya kuoshea vitunguu ambayo hayakukamuliwa!

#16 SokoniMajengo
Haya, sasa tuna mtuhumiwa wa nne: chumvi, nyanya, hotuba na vitunguu visivyokamuliwa.

#17 Ntyuka_Mlimani
Ongeza wa tano. Kisu butu. Kisu butu hakikati nyanya, kinaiponda. Angalia kibao chako ukimaliza kukata: kama kina dimbwi, kisu ndicho. Mimi nanoa kisu kabla ya kila kazi, na nyanya naanza kuikata upande wa ndani, siyo wa ngozi.

Halafu maji ya bomba letu yana chumvi chumvi. Ukiosha vitunguu kwa maji hayo, si umeshatia chumvi tayari?

#18 TichaBaiolojia
@Ntyuka_Mlimani, kisu nakubali asilimia mia. Kuhusu maji ya bomba hapana, mkuu. Chumvi iliyomo ni kidogo mno kuvuta maji kwenye nyanya. Unaionja kwa sababu ulimi ni mwepesi kutambua.

#19 Ntyuka_Mlimani
Sawa ticha, ila chai ya nyumbani kwangu inajua.

#20 NdaniYaIhumwa
Nimesoma uzi wote nikaona bora nijaribu kuliko kubishana. Leo mchana nimechukua nyanya za aina moja, sado moja, kisu kimoja kikali. Bakuli A nimetia chumvi na ndimu pale pale. Bakuli B sikutia kitu. Zote nimefunika, nimeziacha kivulini nusu saa.

Bakuli A: nimechuja yakatoka maji karibu nusu kikombe cha chai.
Bakuli B: yametoka pia, vijiko kama vitatu vya chakula.

Kwa hiyo kila mmoja ana chake. Chumvi inaongeza sana, lakini hata bila chumvi nyanya inatoa maji yake. Kilichonishangaza: nyanya za bakuli A zilikuwa tamu zaidi. Za B hata nilipotia chumvi dakika ile ile ya kula, chumvi ilikuwa juu juu, haijaingia.

#21 MpishiNkuhungu
@NdaniYaIhumwa huu ndio mchango. Nakubaliana na ulichokiona kuhusu ladha. Ndiyo maana mimi nasema dakika chache kabla, chumvi ipate muda wa kuingia bila kukausha nyanya.

#22 Nala_Juu
Hapo sasa umeanza kuirekebisha hoja yako kimya kimya. #1 ulisema itiwe mezani.

#23 MpishiNkuhungu
Rudia kusoma, mkuu. Nilisema mezani, dakika chache kabla ya foleni. Sijabadilisha neno.

#24 BabaWatoto_AreaD
Na sisi tunaoyapenda maji ya kachumbari je? Ugali, samaki wa Mtera wa kukaanga, na yale maji yenye ndimu na pilipili unachovya tonge. Mnataka kutunyang'anya kitu kitamu kuliko vyote humo ndani. Mimi kwangu mke wangu anatia chumvi mapema makusudi.

#25 Shangazi_Kondoa
Kwa ugali nakuunga mkono, baba. Kwa pilau hapana.

#26 Mbukwa_Mbukwa
Mbukwa wanajamvi! Nimechelewa kufika. Tangu watumishi wahamie huku, mwaka 2016 kwenda mbele, kila sherehe lazima iwe na meza ya saladi, vikombe vya supu na vitafunwa vya mlangoni. Zamani mgeni alipewa ugali wa uwele, mlenda na nyama ya mbuzi na akaondoka ameridhika. Hizi saladi mmekuja nazo kutoka Dar.

#27 Shangazi_Kondoa
@Mbukwa_Mbukwa, si kweli. Kachumbari ilikuwepo Dodoma na Kondoa kabla hao watumishi hawajazaliwa. Mji wa reli huu, na maduka ya Wahindi na Waarabu yapo tangu enzi. Sambusa na katlesi nimezila nikiwa mtoto.

#28 Mbukwa_Mbukwa
Nimekusikia shangazi. Ila mlenda kama supu ya kuanzia mbona hakuna anayeutaja? Mlenda wa unga, ule uliokaushwa na kutwangwa, maji ya moto, magadi kidogo sana, nyanya moja, karanga za kusaga vijiko viwili. Dakika 10 umeiva. Mnahangaika na supu za pakiti!

#29 Binti_Mpwapwa
Jamani mlenda kwenye kikombe cha sherehe, mgeni amevaa suti nyeupe?

#30 Mbukwa_Mbukwa
Avue koti.

#31 DadaWaMtumba
Mimi nimehamia kikazi, kwetu Tanga. Kwa kuwa tuko Dodoma, nawapa saladi inayopendwa ofisini kila tukichangia chakula. Inatumia vya hapa hapa kanda ya kati.

Kabichi nusu, ikate nyembamba kabisa. Karoti 3 za kukwangua. Zabibu vikombe viwili, kila moja ikatwe nusu. Karanga zilizokaangwa na kumenywa, kikombe kimoja, zipondwe kidogo. Mchuzi wake: ndimu 2, mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula, asali kijiko 1, chumvi na pilipili manga. Unatikisa mchuzi kwenye chupa yenye kifuniko mpaka uchanganyike. Kabichi na karoti unaziungia mchuzi mapema, maana kabichi ni ngumu na inafaidi kulainika. Zabibu na karanga zinaingia mwisho, la sivyo karanga zinalowa.

Kwa hiyo @MpishiNkuhungu, kwenye kabichi sheria yako ya chumvi inageuka. Kabichi bila chumvi ya mapema ni majani.

#32 MpishiNkuhungu
Nakubali, kabichi ni kesi nyingine kabisa. Mimi hoja yangu ni ya nyanya. Hiyo saladi naiiba, ahsante.

#33 Hombolo_Shamba
Marekebisho kidogo kwenye zabibu, mimi ni mkulima. Zabibu nyekundu tunazolima wengi huku ni za mvinyo, Makutupora Red. Tamu, lakini ngozi nene na mbegu zipo ndani. Ukizitia kwenye saladi bila kutoa mbegu utasikia watu wanatema. Tafuta za kula mezani, au toa mbegu kwa ncha ya kisu. Na huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukikosa usikate tamaa, subiri mzunguko.

#34 KamatiYaUlaji
Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakashindwa, 1951 wakafunga virago. Leo DadaWaMtumba anafaulu na kikombe kimoja.

#35 Nala_Juu
Tukiwa kwenye karanga, kuweni waangalifu. Mwaka 2016 si watu walikufa Dodoma kwa sumukuvu ya karanga?

#36 BibiAfya_Makole
Nirekebishe hapo. Tukio la 2016 lilihusu Dodoma na Manyara, wagonjwa waliotambuliwa walikuwa 68 na waliofariki 20, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoliwa majumbani, siyo karanga. Ila hofu yako ina msingi: ukungu huo huo unashika karanga pia, hasa zilizovunwa zikakaushwa vibaya au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Na kukaanga hakuimalizi sumu yote. Kwa hiyo chambua kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyotobolewa na wadudu, yote nje. Karanga za kusaga zilizokwisha kusagwa sokoni huoni zilikuwaje, bora ununue nzima usage mwenyewe.

Na kwenye sherehe, sahani yenye karanga iwekewe kibao cha kuitaja. Kuna watu karanga inawadhuru vibaya sana.

#37 DadaWaMtumba
Ahsante kwa #33 na #36. Zabibu zangu nanunua za mezani, za kijani. Karanga nachambua kweli, ila kibao cha kutaja sijawahi kuweka, kuanzia sasa nitaweka.

#38 Chibuku_wa_Zamani
Supu je? Mbona mnanipitisha kwenye majani tu toka asubuhi.

#39 Fundi_Sufuria
Supu rahisi ya wageni: kuku wa kienyeji mmoja, akiwa wa Singida ndio bora. Kata vipande, maji lita 3, chemsha, toa povu la juu lote kabla hujatia kiungo. Kisha tangawizi ya kuponda, kitunguu saumu punje 5, kitunguu maji nusu, chumvi. Moto mdogo, masaa mawili hivi kulingana na umri wa kuku. Mwisho ndimu, pilipili manga na kotmiri. Chuja, toa kwenye vikombe, kipande kimoja kimoja. Watu 10 wanatosha.

Usitie ndimu wakati inachemka sana, inapoteza harufu.

#40 BabaWatoto_AreaD
Mkuu Fundi, mbona supu ya makongoro Dodoma inachelewa kuiva kuliko nilipokuwa Dar? Nawasha mkaa asubuhi, mpaka mchana bado inavutika.

#41 TichaBaiolojia
Mwinuko. Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100 za pwani. Moto hata uwe mkali, maji hayapandi zaidi ya hapo. Presha kuka ndiyo dawa.

#42 Fundi_Sufuria
Ticha, Mbeya ni juu zaidi, mita 1,700 hivi, na wanakunywa supu asubuhi bila malalamiko. Tatizo ni ng'ombe. Ng'ombe wa huku ametembea kutafuta malisho maisha yake yote, miguu imekomaa.

#43 Ntyuka_Mlimani
Na maji! Maji magumu. Maharage ndiyo usiseme, loweka usiku kucha bado yanagoma.

#44 TichaBaiolojia
Kwenye maharage una hoja, kalisi iliyomo kwenye maji magumu inafanya ganda lisilainike haraka. Tumia maji ya mvua kama umehifadhi. Kwenye makongoro sidhani. Na Fundi, watu wa Mbeya hawalalamiki kwa sababu wanawasha moto mapema zaidi.

#45 Fundi_Sufuria
Bado nasema ng'ombe.

#46 Binti_Mpwapwa
Wakati mnapigania makongoro, mimi supu yangu ni ya boga, haigombani na mtu. Boga kilo moja, menya, kata. Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi kwenye mafuta ya alizeti kidogo, tia boga, maji lita moja, likiiva ponda kwa mwiko au tumia brenda. Nazi huku ni ya kusafirishwa, kwa hiyo mimi natia karanga za kusaga vijiko 3 nazikoroga kwanza kwa maji baridi ili zisigande mabonge. Chemsha tena dakika 10 moto mdogo, koroga usiache. Ndimu mwishoni. Watoto wanaomba tena.

#47 Mbukwa_Mbukwa
Na ukitia majani ya maboga machanga humo humo je, badala ya kotmiri?

#48 Binti_Mpwapwa
Yanafaa. Menya nyuzi kwanza, kata madogo sana.

#49 DadaWaMtumba
Vitafunwa vya mlangoni naomba mawazo. Tuna sherehe ya kumuaga mwenzetu anastaafu, watu 60, na jiko ni gesi ya plate mbili tu.

#50 Shangazi_Kondoa
Sambusa. Manda unazipika siku moja kabla, unazifunika kwa kitambaa kikavu. Nyama ya kusaga uikaange mpaka ikauke kabisa, na kitunguu kibichi uchanganye nyama ikishapoa. Nyama ya moto na kitunguu vikikutana vinatoa mvuke, manda inalowa, sambusa inafyonza mafuta.

#51 KamatiYaUlaji
Watu 60 na plate mbili, sambusa za kukaangwa siku ile ile zitakuchelewesha. Chagua vitu visivyohitaji moto: mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu, vipande vya tango juu yake maziwa mgando yaliyochujwa kwa kitambaa yakawa mazito, na karanga kwenye bakuli. Kisha kitu kimoja tu cha moto. Mishkaki midogo kwenye jiko la mkaa nje.

#52 BibiAfya_Makole
Naipenda hiyo ya maziwa mgando mazito, inafaa pia mahali pa mayonezi kwenye saladi ya viazi. Hasa mahali pa ile mayonezi ya kutengeneza nyumbani, ya mayai mabichi, ambayo siishauri kwa watu wengi. Viazi vipoe kabisa kwanza, ndipo uchanganye. Muhimu maziwa yawe yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Na ya friji yabaki kwenye friji mpaka wageni wafike.

#53 SokoniMajengo
Tango! Tumefika huku hakuna aliyelishtaki tango. Kwenye orodha ya #1 kuna matango makubwa mawili. Tango karibu lote ni maji. Mleta mada ametetea nyanya na kulaumu chumvi, kumbe mtuhumiwa amekaa naye jikoni.

#54 MpishiNkuhungu
Tango nalitoa mbegu za katikati kwa kijiko kabla ya kukata, na likiwa la sherehe nalitia la mwisho kabisa.

#55 Shangazi_Kondoa
Kwa hiyo tango unalitoa mbegu na nyanya unaziacha?

#56 NdaniYaIhumwa
Jumamosi nina ubarikio wa mtoto wa kaka, watu 120, na nimekabidhiwa kachumbari. Naenda na mabeseni matatu. La kwanza kwa njia ya #1. La pili nyanya zimetolewa ute kwa njia ya shangazi, chumvi itiwe mapema. La tatu nyanya za aina ya SokoniMajengo, chumvi mapema, mbegu ziachwe. Vitunguu vyote vifikichwe na kukamuliwa sawa, tango nimeliondoa lisituharibie hesabu. Hotuba siwezi kuzizuia. @SokoniMajengo, nitapita Ijumaa alfajiri, niwekee sado nne za nyanya ngumu.

#57 SokoniMajengo
Njoo kabla ya saa kumi na mbili. Baada ya hapo wenye migahawa wameshazibeba.